Ukiogopa, Mkono Wako Unakwenda Wapi?

Ngeee! Halafu kitambo kidogo, halafu ngeee nyingine inaipanda ile ya kwanza kabla haijafa. Ndivyo ilivyokuwa ikilia rimu ya lori ikipigwa kwa kipande cha nondo. Mpaka leo, nikiwa kwenye cherehani yangu hapa Mbinga mjini, fundi wa gereji ya jirani akiangusha chuma sakafuni, mguu wangu unaacha kukanyaga wenyewe. Nasubiri ya pili. Ya pili haiji.

Aliyekuwa akiipiga ni katekista wa kigango chetu, kule milimani upande wa Mpepai. Jina analo, ila hakuna aliyelitumia. Hata mbuzi wake waliitwa mbuzi wa Katekista, na wakiingia kwenye mahindi ya mtu walifukuzwa kwa heshima zaidi kidogo kuliko mbuzi wengine. Nami nitamwita hivyo hivyo.

Kigango chetu hakikuwa na kengele. Mbele ya kanisa kulikuwa na mti mkubwa wa mlingoti, na kwenye tawi lake ilifungwa rimu kwa waya mnene. Asubuhi aliipiga, adhuhuri kwa sala ya Malaika wa Bwana aliipiga, jioni aliipiga, na mtu akifa aliipiga taratibu mpaka mabonde yote yakajua. Hakuipiga kama anagombana nayo. Kwanza aliilaza nondo begani, akafumba macho, midomo ikacheza, ndipo akainua mkono. Sisi watoto tulijificha nyuma ya mikahawa tumwangalie. Nilikuwa naota kwamba nikikua nitaolewa na mtu mwenye kazi ya kupiga kitu kizuri namna ile. Nimeolewa na dereva wa fuso. Naye anapiga honi vizuri, sitanii.

Katekista alikuwa mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, suruali imekunjwa kwa ajili ya umande. Alilima ngolo kama kila mtu, yale mashimo ya pande nne yanayoshika mvua mlimani isishuke na udongo, na ngolo zake zilikuwa zimepinda. Jirani akimtania, "Katekista, hizi ngolo zako zimekunywa pombe?" alijibu, "Afadhali zinywe zenyewe kuliko mwenye shamba." Pombe hakunywa. Ila togwa ya mama yangu ilikuwa ikimpitisha kwetu hata siku ambazo njia yake haikuwa ya kwetu.

Kwenye mafundisho alipenda Agano la Kale kupita kiasi. Padre alipokuja kutoka parokiani alimkumbusha kwa upole kwamba watoto wanajiandaa kwa Komunyo, wafundishwe na Injili basi. Katekista aliitikia, na padre akishuka tu bondeni na pikipiki yake, tunarudi kwa Wafilisti. Yaani yule mzee alikuwa akiigiza! Siku ya Dagoni, yule mungu wa Wafilisti aliyeanguka kifudifudi mbele ya Sanduku la Mungu, alijitupa mavumbini puu, akalala. Tukacheka mpaka tukalia. Akainuka na vumbi usoni, akasema walimsimamisha tena, na asubuhi ya pili wakamkuta ameanguka, kichwa na mikono vimekatika. "Mikono imekatika," akarudia, akatuonyesha ya kwake. Hapo hatukucheka.

Hakutaka tuzicheke sanamu. Mtoto mmoja alisema watu wa zamani walikuwa wajinga, wanasujudia gogo. Katekista akamgeukia.

"Ukiogopa, mkono wako unakwenda wapi?"

"Wapi, Katekista?"

"Nakuuliza wewe. Usiku unasikia kitu nje. Mkono wako unashika nini?"

"Blanketi."

"Na wewe?"

"Mama."

"Na wewe?"

Mimi nikasema kisu cha jikoni, wenzangu wakaguna. Yeye hakuguna. Akasema, "Basi msihangaike kutafuta sanamu kwa Wafilisti. Tazameni mkono unakokwenda kabla ninyi wenyewe hamjafikiri. Huko ndiko aliko mungu wa mtu."

Swali hilo alituuliza miaka yote. Aliwauliza hata watu wazima, nao hawakulipenda.

Sasa niseme kilichonishangaza kwake. Mtu huyu aliyetufundisha habari za Eliya, peke yake mbele ya manabii wa Baali mamia kwa mamia, alikuwa anaogopa radi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kule kwetu radi si mchezo, inachukua ng'ombe na inachukua watu, na kila ukoo una mtu wake aliyechukuliwa. Lakini Katekista alianza kuogopa wingu likiwa bado liko mbali, halijajua kama litakuja. Sauti ilimpungua. Alikatiza somo katikati, akasema "nendeni nyumbani," akatoka haraka kwenda mlingotini. Tulidhani anakwenda kuangalia waya.

Vilevile alikuwa hapiti karibu na msitu mdogo wa wazee, mahali watu walikokuwa wakiwapelekea unga mahoka, zile roho za mababu. Alizunguka na mlima mzima. Nilimuuliza siku moja, "Si ulisema hakuna kitu pale?" Akasema, "Nilisema tusiwaabudu. Sikusema nitakwenda kuwasumbua."

Huyo ndiye mtu aliyeiteremsha rimu.

Kwanza mjue ilivyoanza. Mimi bado nabebwa mgongoni, radi ilipiga mlingoti ule watu wakiwa wamejazana kibarazani pa kanisa. Gome likachanika kutoka juu mpaka chini kama kanga ya zamani. Hakufa mtu. Rimu ilibaki inaning'inia, inatikisika, inalia yenyewe kwa sauti ndogo. Watu wakatazamana. Mmoja akasema imeimeza radi, na jambo likishasemwa kwa sauti hivyo, nani atalirudisha?

Akina mama wakaanza kukwangua kutu. Kwa kijiko, kwa msumari, kwa ukucha. Kutu kidogo kwenye maji ya mtoto mwenye homa, kidogo kwenye pembe ya ghala, kidogo ndani ya kitambaa, kinafungwa kiunoni. Na wala hakuna aliyeona aibu. Kupeleka unga msituni mtu angejificha, lakini rimu ilikuwa mali ya kanisa, ilipigwa kwa sala. Mama yangu alinifunga kutu yangu nikiwa sijaota meno, na degedege iliponipata nikapona, kwake ushahidi ukawa umekamilika.

"Mama, Katekista anasema ni makosa."

"Katekista ana watoto wadogo? Hana. Mwenye watoto wadogo ndiye anayeijua radi."

"Lakini anasema..."

"Wewe upo hapa unabishana na mimi kwa sababu ya nini? Kwa sababu ya ile rimu. Kachote maji."

Katekista alisema kanisani mara nyingi. Watu waliitikia amina, wakatoka, wakagusa rimu wakiwa wanakwenda zao.

Halafu mdogo wangu akaugua. Mimi nilikuwa darasa la nne, namkumbuka vizuri, macho yamegeuka, mwili unachoma. Mama hakwenda zahanati. Alimpeleka mlingotini, akatandika kanga, akamlaza chini ya rimu, akakaa. Nilikaa naye. Jua likapanda. Mama alikuwa anamwambia, "Ngoja kidogo, itapigwa, ngoja kidogo," na mimi niliamini kabisa kwamba sauti ikilia mdogo wangu atafumbua macho. Sijawahi kuogopa na kutumaini kwa pamoja namna ile tena.

Katekista alikuja kupiga adhuhuri, akatukuta. Aliitupa nondo. Alimnyakua mtoto, akakimbia naye kwa zile suruali zake zilizokunjwa, chini mpaka barabarani, akasimamisha bodaboda, wakaondoka. Adhuhuri ile haikupigwa.

Mdogo wangu alichomwa sindano, akapona. Leo yeye mwenyewe ana bodaboda na maneno mengi. Lakini sikilizeni alichofanya mama. Mtoto aliporudishwa nyumbani, mama alikamata kuku wetu mwekundu, akaenda akamfunga mguu kwenye shina la mlingoti, chini ya rimu. Asante. Zahanati hakupeleka. Kwa Katekista hakupeleka.

Katekista akamkuta kuku jioni. Nilikuwepo, nilikuwa nimetumwa kuangalia asije akafunguka. Alisimama mbele yake, nondo mkononi. Kuku akalia kwaak. Mzee akachuchumaa, akamfungua kamba polepole.

"Nani kamleta?"

"Mama."

"Amemleta kwangu?"

Nikatikisa kichwa.

"Kwa Mungu?"

Nikanyoosha kidole juu, kwenye rimu.

Akanirudishia kuku nimshike. Jioni ile alipiga rimu, nayo ilikuwa nzuri kuliko siku zote. Nadhani alikuwa anaiaga.

Jumapili iliyofuata alitufundisha habari za nyoka wa shaba. Watu wa Israeli wameumwa na nyoka jangwani, wanakufa. Mungu mwenyewe anamwagiza Musa afanye nyoka wa shaba, amweke juu ya mti, na aliyeumwa akimtazama anapona. Vizuri. Wakamtunza nyoka yule miaka na miaka, wajukuu mpaka vitukuu, wakaanza kumfukizia uvumba. Akaja mfalme Hezekia, akamvunja vipande vipande.

Nikanyoosha mkono. "Kwani nyoka alikosa nini?"

"Hakukosa kitu," akasema. "Mungu ndiye aliyeagiza atengenezwe. Aliponya babu zao. Hapo ndipo ugumu wake." Akaangalia dirishani. "Nadhani Hezekia alilia. Haikuandikwa, lakini nadhani alilia."

Baada ya ibada aliweka ngazi mlingotini. Watu walikuwa bado wanasalimiana. Mpaka wanaelewa anachofanya, panga limeshakata waya mara mbili.

"Katekista, shuka!"

"Katekista, unatuua!"

Mama yangu alikuwa mbele kabisa, analia, "Mwaka huu tutazika watoto, baba, tafadhali!" Alimwita baba. Hajawahi kumwita hivyo tena.

Waya ukakatika. Rimu ikaanguka kwa ukingo wake, ikasimama, kisha, Mungu wangu, ikaanza kubingirika. Kanisa letu liko kwenye mteremko. Ilishuka ikiruka ngolo, ikapita katikati ya mikahawa, inalia kila inapogonga jiwe, na watu wazima wenye nguo za Jumapili walikimbia huku na huku wakipiga kelele kama wanafukuzwa na mnyama. Mimi pia nilikimbia. Ilikwenda kulala kijitoni.

Katekista akaifuata na nyundo ya kupasulia mawe. Alitaka kuivunja kama Hezekia. Chuma cha lori hicho! Alipiga, ikalia. Alipiga, ikalia, ngeee, bonde zima, na kila akiipiga ivunjike ilizidi kulia vizuri. Mwisho akaketi majini. Aliyeichukua ni kijana wa vyuma chakavu aliyepita na pikipiki siku zilizofuata.

"Mzee, bila hela?"

"Chukua."

"Mbona unanitisha? Ina nini?"

"Haina kitu. Ndiyo sababu nakupa. Ukishaiyeyusha usije kuniambia imekuwa nini."

Mimi nimeota mengi kuhusu imekuwa nini. Dirisha la shule. Jembe. Sindano za cherehani, labda na hii ninayoshonea.

Mvua ya kwanza baada ya hapo ilikuja alasiri. Wingu lilitoka upande wa ziwa, jeusi, na kijiji kizima kikaingia ndani, kikafunga milango, kikasubiri nani atachukuliwa. Mama alitukumbatia mimi na mdogo wangu chini ya meza. Mlango wetu, unaotazama kanisa, una ufa. Kwa ufa ule nilimwona Katekista.

Alikuwa amesimama mlingotini, pale pale alipokuwa akisimama kupiga. Nondo hana. Mvua inampiga, shati limemgandia mbavuni, na mikono yake ameiminya kwapani kama mtu mwenye baridi kali. Radi ilipopasua alijikunja, akapiga kelele. Nilimsikia. Halafu akasimama wima tena. Ikapasua nyingine, akajikunja tena, akasimama tena. Hakukimbia. Nilielewa hata kwa akili yangu ya utoto: alikuwa anasema, kama kuna wa kuchukuliwa, mimi hapa.

Siku ile hakuchukuliwa mtu. Lakini kabla masika hayajaisha, radi ilipiga jiko la Katekista likaungua, na mbuzi wake wawili wakafa. Kwake tu, kijiji kizima. Watu hawakusema kwa sauti kubwa. Walisema, "Si tulimwambia?" Hata mimi, siwafichi, nilisema hivyo moyoni.

Yeye aliwazika mbuzi, akaendelea. Kwa kuwa hakukuwa na cha kupiga, alikuwa anapita kwa miguu, mlima hadi mlima, anaita, "Jamani, saa imefika! Saa ya sala imefika!" Asubuhi na jioni, mpaka koo likaharibika. Walioitika walipungua, kisha taratibu wakaanza kurudi. Mama yangu alirudi wa mwisho, na hakumpa togwa mwaka mzima.

Baadaye nguvu zikamwishia, mwanaye akamchukua kwenda kuishi naye ziwani, Ngumbo. Nikaishia kidato cha pili, nikajifunza kushona, nikaolewa, nikapata mtoto. Mama alipokuja kumwona mjukuu alikuwa na kichupa cha dawa kilichooshwa, na ndani yake kutu. Aliitunza miaka yote. Akaifunga ndani ya kitambaa cheusi, akamvalisha mtoto kiunoni. Sikukataa. Angekuwa mtoto wa mtu mwingine ningekataa.

Mwaka jana mvua zikikaribia nilishuka Ngumbo kufuata dagaa, mtoto mgongoni. Nikaulizia kwa Katekista, wakanionyesha nyumba yenye nyavu zilizoanikwa.

"Shikamoo Katekista."

"Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina."

Alikuwa amebaki mifupa na kile kifungo cha shingoni. Sauti yake ilikuwa pumzi tu. Alinitazama. "Wewe ndiwe uliyeuliza nyoka alikosa nini."

Mwanaye akatuletea ugali na samaki, akaenda kugeuza dagaa wake mchangani. Tuliongea habari za nyumbani. Mbali, ng'ambo ya maji, ngurumo ikasikika. Nikaona anaingiza mikono chini ya mapaja yake, anaikalia.

"Bado unaogopa?"

"Sana."

"Sasa miaka yote ulikuwa unatuambia nini?"

"Niliwaambia mkono. Moyo utaogopa unavyotaka, sina amri nao. Mkono ndio naukataza." Akapumzika. "Unajua kwa nini niliiteremsha? Watu wanadhani ni kwa ajili ya kuku. Wingu likija, nilikuwa naacha mafundisho nakwenda mlingotini. Mliniona?"

"Tulidhani unaangalia waya."

"Nilikwenda kushika nondo. Nikiishika, natulia. Mama yako alikwangua kutu, mimi nilikuwa nakwangua sauti. Niliipenda kuliko Yeye aliyenituma niipige. Mama yako alipokuja na kuku wake, nikajiona."

Mtoto alikuwa anatambaa karibu naye. Akamwinua, akampakata, na vidole vyake vikagusa kile kitambaa. Vikasimama hapo.

"Hii ni ile?"

"Ni ile. Mama aliitunza."

Akacheka bila sauti, mabega tu. "Mama yako! Angekuwa upande wetu, tusingehitaji hata Hezekia."

Nami nikacheka, halafu nikasikia machozi. "Ivue, Katekista. Ukiivua wewe sitaogopa."

Mkono wake ulikwenda kwenye fundo. Kisha akaurudisha.

"Nikiivua mimi, akipata homa utasema Katekista alimvua. Na asipopata, utasema mkono wa Katekista una nguvu. Utakuwa umehamisha tu, mwanangu."

Akanipa mtoto wangu, na kitambaa chake.

Niliagana naye, nikashuka ufukweni kusubiri gari la mizigo. Hapakuwa na mtu, wavuvi walikuwa wameshavuta mitumbwi juu. Wingu lilikuwa linavuka ziwa, na maji chini yake yamekuwa rangi ya risasi. Nilimtoa mtoto mgongoni nimpakate. Radi ikapasua juu ya maji, na kabla sijafikiri kitu, mkono wangu ulikuwa umeshika kiuno cha mwanangu, pale pale, kwenye kile kitambaa. Niliuona. Nilikaa nikiuangalia kama mkono wa mtu mwingine.

Fundo lilikuwa gumu kwa jasho na maji ya kuogea. Nililifungua kwa meno. Ndani mlikuwa na vumbi la kahawia, dogo kuliko nilivyodhani. Nikalikung'uta, likaangukia mchangani, na mchanga wa pale ni wa rangi ile ile, sikuweza kulitofautisha tena.

Kikabaki kitambaa. Nikawa nakitazama, sijui nikifanye nini. Radi ikapiga tena, karibu zaidi. Mtoto akashtuka, akalia, makamasi yakamshuka mpaka mdomoni. Nikamfuta kwa kile kitambaa.